Niache kutumika kanisani mpaka nia yangu itakate?

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Makorora, Tanga. Kwa miaka 11 nimekuwa mhazini wa umoja wa wanawake katika usharika wetu, na kila Jumamosi ni mimi ninayefua na kupanga vitambaa vya madhabahu na kuweka maua. Mwezi wa tatu kanisa letu jipya liliwekwa wakfu. Katibu akasoma majina ya waliojitoa, langu halikusomwa. Mama mmoja aliyehamia kwetu mwaka juzi akaitwa mbele, akavikwa kitenge, akaketishwa safu ya wageni. Nilirudi nyumbani sikula. Jumapili naenda ibadani, lakini Jumamosi tatu sijakanyaga. Mume wangu ananiambia, "Si nilikwambia?" Kinachonitesa sasa si kusahauliwa, ni kwamba nimejigundua. Kumbe miaka yote nilikuwa natumikia macho ya watu! Je, ni dhambi kuendelea na moyo kama huu? Niache mpaka nia yangu itakate? Na nitajuaje kama imetakata? Juzi mzee wa kanisa kaniletea kitenge nyumbani ndani ya mfuko, eti walisahau. Sijakifungua.

JIBU: Marahaba, mama. Amen, na asifiwe.

Usiache. Nalitanguliza neno hilo kwa sababu najua barua ya namna hii mtu huisoma akiruka mistari ili afike kwenye hukumu yake. Jumamosi hii nenda, fua vitambaa, weka maua. Nitakayosema kuanzia hapa yanahusu namna ya kwenda. Kwenda kwenyewe tumeshamaliza.

Umeandika kana kwamba uchungu wako ni ushahidi wa kutosha kuifuta miaka 11. Naona umejihukumu haraka mno. Ndani ya uchungu ule kuna mambo mawili yaliyofungwa kitita kimoja, na inafaa uyafungue uyaweke mezani mbalimbali.

La kwanza ni kutaka kutambuliwa. Hilo peke yake silioni kuwa dhambi. Fungua Warumi 16 uone Paulo anavyomaliza waraka wake mzito kuliko zote: anataja watu zaidi ya 20 kwa majina. Anaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Anamtaja Priska na mumewe Akila, kwamba waliweka shingo zao hatarini kwa ajili yake. Anawataja Trifaina na Trifosa kwa bidii yao. Hata Tertio, yule aliyeshika kalamu akaandika maneno ya Paulo, kapata mstari wake mwenyewe: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Hakuna aliyemwambia afute jina lake eti mtumishi wa kweli hajitaji. Kanisa lililomsahau mtu aliyefua vitambaa vyake kwa miaka 11 limekosea, na uchungu ulioupata ni uchungu wa mtu mzima wa afya, kama anavyoumia mama ambaye watoto wake wamekula, wakanawa, wakaondoka bila hata kusema ahsante.

La pili ni kutaka kuwa juu ya mwenzako. Hili ndilo lililomponza Diotrefe katika waraka wa tatu wa Yohana, "apendaye kuwa wa kwanza", na ndilo lililowaponza wana wa Zebedayo walipoomba wakae mmoja kuume na mmoja kushoto.

Utajuaje lipi lilikukosesha chakula siku ile? Keti jikoni peke yako, usimjibu mtu, jiulize: kama Katibu angeyasoma majina yenu yote mawili, lako na la yule mama, uchungu ungekuwepo? Ukiona usingekuwepo, basi kidonda chako ni cha kusahauliwa, na dawa yake ni kuzungumza na mchungaji wako na kupumzika kidogo. Ukiona ungebaki na kinyongo kwa sababu yeye kasomwa kabla yako, au kwa sababu kitenge chake kizuri kuliko chako, basi umeshika penyewe. Nikusaidie kidogo, mama. Katika barua yako umeandika kwamba mwenzako alihamia kwenu "mwaka juzi". Hakuna aliyekuuliza amehamia lini. Litazame neno hilo kwa utulivu. Sikutuhumu, nimekuonyesha tu mahali ambapo kalamu yako ilisema kabla yako.

Sasa twende kwenye neno lenyewe, nia.

Wewe unaishi Makorora, una majirani Waislamu mlango kwa mlango, na unajua wao wana neno ria: mtu kufanya ibada ili aonekane. Wanaliogopa sana, na haki yao, kwa kuwa ni ugonjwa unaoingia ndani ya jambo jema na kulila likiwa bado linang'aa kwa nje. Lakini kuna jambo jingine umelisikia kwa majirani hao mwezi wa Ramadhani. Hawasemi "nachunguza kama nina nia". Wanasema "natia nia". Na hawatii mara moja kwa mwezi mzima. Kila usiku, kabla ya alfajiri, mtu anatia nia ya kufunga kesho yake. Mimi ni Mkristo, na imani yangu juu ya namna mtu anavyokubaliwa na Mungu ni nyingine. Ila Kiswahili tulichorithi pamoja nao kwenye pwani hii kinasema kweli ambayo sisi tunaihubiri na kuisahau: nia ni kitu kinachotiwa. Wewe umejifungia ndani wiki tatu ukichimba moyo wako kama mtu anayechimba kisima, unatafuta maji safi. Unachokipata kila ukichota ni tope, ukichimba zaidi ni tope zaidi, ukahitimisha kwamba hapana maji.

Moyo ukichimbwa hivyo hutoa tope kwa kila mtu. Yeremia aliuliza, "nani awezaye kuujua?" na hakuna aliyemjibu hadi leo isipokuwa Mungu mwenyewe. Tena mtazame Paulo. Wakorintho walikuwa wanampima, wanamlinganisha na Apolo, wanatilia shaka makusudi yake. Angeweza kusema, "Nimejichunguza, nia yangu ni safi." Hakusema. Alisema hata nafsi yake haihukumu. Kwamba hajui neno baya juu ya nafsi yake, lakini si hilo linalomhesabia haki, ila anayemhukumu ni Bwana. Kisha akawaambia waache kuhukumu kabla ya wakati, mpaka Bwana atakapokuja kuyadhihirisha mashauri ya mioyo. Nimekuwa mchungaji kwa miaka 34, nyingi kati ya hizo katika sharika za Tanga mjini na Muheza, na naona mistari hiyo mitano ya mwanzo wa 1 Wakorintho 4 imewaokoa watumishi wengi kuliko mahubiri yangu yote juu ya unyenyekevu. Kujichunguza kupita kiasi kuna mtego wake: bado unajitazama wewe. Zamani ulijitazama ukajipenda, leo unajitazama ukajichukia, na madhabahu ipo pale pale haina maua.

Kwa hiyo swali lako, "Nitajuaje kama imetakata?", nalijibu hivi: hutajua, na hukuagizwa kujua. Umeagizwa kutia nia. Bwana wetu alisema mtu ajitwike msalaba wake kila siku. Hakusema mara moja siku ya kipaimara. Ukifika Jumamosi mlangoni, kabla hujaingiza ufunguo kwenye kufuli, simama. Sema kwa sauti ambayo wewe mwenyewe unaisikia: "Bwana, kazi hii ya leo ni yako. Mtu asiponiona, nimeridhika. Akiniona, naomba akuone wewe." Kisha ingia ufagie. Katikati ya kazi mawazo yatarudi, utajikuta unawaza nani atayasifu maua haya kesho. Usishtuke wala usikimbie. Sema tena, endelea kufagia. Wiki ijayo tena. Hiyo ndiyo kazi, na haina siku ya kuhitimu.

Kuna neno katika Mathayo 6 linalokuhusu wewe kwa namna ya pekee, kwa kuwa wewe ni mhazini. Bwana Yesu anawasema watu wanaotoa sadaka kwa kupigiwa panda, wanaosali wakisimama pembeni mwa njia, wanaofunga wakikunja uso. Mara tatu anarudia: "Wamekwisha kupata thawabu yao." Katika Kigiriki neno lililotumika hapo lilikuwa la sokoni. Limekutwa kwenye stakabadhi za mafunjo kutoka Misri ya zamani. Muuzaji akishalipwa aliandika neno hilo kuonyesha kwamba amepokea chake chote, hadai tena. Wewe umeandika stakabadhi ngapi kwa miaka 11? Unajua mtu akishasaini hawezi kurudi mwezi ujao kudai zile zile. Makofi yana stakabadhi yake. Mtu akitumika apate makofi, akayapata, hesabu imefungwa. Sasa pindua karatasi hiyo uitazame upande wa pili, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha: siku ile jina lako halikusomwa. Hukusaini. Ile miaka 11 yote, hata ile sehemu yake iliyochanganyika, bado haijalipwa na mtu. Waebrania 6 inasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu. Yule mama mwenzako ndiye aliyepewa kitenge mbele za watu, na labda ndiye anayehitaji maombi yako zaidi.

Usije ukadhani Bwana alikataza kuonekana. Sura moja nyuma, Mathayo 5, alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yetu mema. Vitambaa vya madhabahu haviwezi kufuliwa kwa siri vikabaki siri. Jumapili vinaonekana, na vimewekwa vionekane. Zambarau ya Kwaresima ikibadilika kuwa nyeupe asubuhi ya Pasaka, hata mtoto anajua kuna jambo limetokea. Tofauti imo katika mwisho wa sentensi: "wamtukuze Baba yenu". Watu wakitoka kanisani wanasema "Pasaka imefika", kazi yako imefaulu. Wakitoka wanasema "Mama Fulani ana mkono", si vibaya, pokea, lakini usiijenge nyumba yako hapo. Wazee wetu walimwona mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeiona methali hiyo ikitimia kwa waimbaji, kwa wahubiri, na kwa mimi mwenyewe.

Nikueleze la kwangu. Nilipokuwa kijana, kabla sijabarikiwa kuwa mchungaji, nilipangiwa kutembelea wagonjwa kwenye kambi za mashamba ya mkonge. Nilikuwa na baiskeli na daftari. Kila nyumba niliyoingia niliandika, na mwisho wa mwezi daftari lilisomwa mbele ya baraza la wazee: nyumba 31, nyumba 38. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwezi mmoja ajenda zilikuwa nyingi, mwenyekiti akasema taarifa ya wagonjwa tuiruke. Sikusema kitu. Ila wiki iliyofuata nilipata sababu ya kutokwenda, na wiki ya pili nikapata nyingine. Nilipokwenda mwishowe, bibi mmoja aliyekuwa amelala kitandani mwaka wa pili, macho yake hayaoni tena, aliitambua kengele ya baiskeli yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa safarini?" Hakunilaumu. Alidhani kwa kweli nilisafiri, kwa kuwa hakuona sababu nyingine ya mtu kuacha kuja. Alikuwa amemwambia mjukuu wake kila siku ampe kiti karibu na mlango, ili nikija nisikae juani.

Nimehubiri juu ya mambo mengi, lakini swali lile linanirudia kuliko mahubiri yoyote niliyosikia. Lilinionyesha nilikokuwa nikitazama. Mimi nilikuwa na daftari. Yeye alikuwa na kiti. Tangu siku ile, nikitaka kujua nia yangu imekaa wapi, naacha kuuliza moyo, namuuliza yule ninayemhudumia: nikikosa kuja, ni nani atakayepungukiwa? Kwa kazi yako, mama, yupo mtu anayeingia kanisani Jumapili akiwa amevunjika, anaketi nyuma, macho yake yanatua kwenye yale maua. Wewe humjui. Jumamosi tatu zimepita.

Utasema: kama nia ilikuwa mbaya, maua hayo yalimfaa nini? Yalimfaa. Paulo akiwa kifungoni alisikia kuna watu wanamhubiri Kristo kwa husuda na fitina, ili wamwongezee dhiki. Akasema, kwa hila au kwa kweli, Kristo anahubiriwa, "na kwa hiyo nafurahi". Kazi njema humfikia mlengwa hata ikibebwa na mikono yenye vumbi. Lakini Paulo huyo huyo ndiye aliyeandika kwamba nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini nami sina upendo, hainifaidii kitu. Maskini ameshiba, mimi ndiye nisiyepata. Shika yote mawili. Ukilishika la kwanza peke yake utakuwa mzembe, na ukilishika la pili peke yake utaketi nyumbani kama ulivyoketi.

Nilipokuwa nikiwapeleka vijana wa kipaimara Bagamoyo, tulisimama kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni ya Wakatoliki, mahali mwili wa mmisionari David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Alikuwa amekufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, karibu miezi tisa. Walipofika Bagamoyo mzigo ukachukuliwa, wapagazi wakalipwa ujira wakaachwa. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na Chuma na Susi hawakuwepo. Vijana huuliza kila mara: walifanya kwa nini? Kwa kumpenda? Kwa ujira? Kwa kuogopa kuambiwa wamemwua? Mimi huwajibu kwamba naamini yote yalikuwemo, na kwamba mtu anayesubiri awe na sababu moja tu, safi, kabla hajainua mzigo, mzigo huo utabaki kwa Chitambo.

Basi kama moyo hauchimbwi, tutazame wapi? Mimi hutazama mahali ambapo mtu hawezi kujidanganya sana.

Nyumbani kwanza, na hapa nitakaa kidogo. Mume wako anasema, "Si nilikwambia?" Alikwambia nini? Hukueleza, lakini nimeketi na wanandoa wengi kiasi cha kukisia. Mara nyingi maneno hayo yana miaka ndani yake: Jumamosi za chai baridi, vikao vya jioni, simu za kikundi zinazoingia usiku wa manane. Sisemi ana haki ya kukukatisha tamaa. Nasema mwulize, siku asipokuwa na hasira, "Nikienda kanisani, nyumba hii hupungukiwa nini?" kisha umsikilize mpaka mwisho bila kujitetea. Utumishi unaong'aa kanisani na kuacha majivu nyumbani una walakini, na nimeuona kwa wachungaji kuliko kwa akina mama. Kuna watu, niliwahi kuwa mmoja wao, wanaokimbilia kanisani kwa sababu kule wanashukuriwa na nyumbani hawashukuriwi. Likiwa hilo ndilo lako, tatizo liko mezani pa chakula. Madhabahu haina hatia.

Mahali pa pili ni ufunguo wa kabati la vitambaa. Nani mwingine anao? Kama kwa miaka 11 ni wewe peke yako, na msichana akijaribu kukunja kitambaa unamnyang'anya ukunje upya, hapo pana jambo. Yohana Mbatizaji alisema yeye hana budi kuzidi, "bali mimi kupungua", na alisema hivyo siku wanafunzi wake walipomletea habari kwamba watu wamehamia kwa Yesu. Kumfundisha mwingine kazi yako mpaka aiweze kuliko wewe, kisha ukae safu ya kumi na tano uyaangalie maua aliyoyapanga yeye, ukafurahi kwa dhati: sijui dawa kali zaidi ya kiburi cha utumishi.

Fedha sitaikalia sana, maana wewe ni mhazini na unayajua. Akaunti za umoja zikaguliwe kila mwaka, omba mwenyewe kabla hujaombwa, na usikubali kukaa kwenye kiti hicho kwa sababu "hakuna mwingine mwaminifu". Sentensi hiyo imewaharibu waaminifu wengi.

Mnada nao niuseme, kwa kuwa ndiko watu wengi hupimiana nia. Baada ya ibada, nje chini ya mwembe, kuku wa sadaka anapandishwa bei, yai moja linauzwa elfu kumi, watu wanashangilia. Wapo wanaosema ni maonyesho matupu. Mimi siuchukii mnada. Umeezeka makanisa mengi ya wilaya hizi na una furaha ya kweli ndani yake. Lakini nilimfahamu mtu aliyenunua kwa sauti kubwa kuku wa mjane, watu wakapiga makofi, na jioni akampelekea mjane kuku wake kwa mlango wa nyuma. Nilijua kwa sababu mjane mwenyewe alinieleza, miaka mingi baada ya mtu yule kufariki. Tendo moja lilikuwa na sehemu ya mbele ya watu na sehemu ya mbele za Mungu, na ile ya pili ndiyo iliyoishika ile ya kwanza isioze. Ndiyo maana nakushauri, kila mwezi uwe na jambo moja unalolifanya ambalo hata mumeo na mchungaji wako hawalijui. Dogo tu. Lipia daftari za mtoto wa jirani kupitia kwa mwalimu. Osha vyoo vya kanisa Ijumaa asubuhi pasipo mtu. Usilisimulie kwenye ushuhuda, wala usiliweke kwenye kikundi cha simu. Mkono wa kushoto ukijua, anza jingine.

Kuna nyakati ambapo mtu anapaswa kusimama kando, nisikufiche. Akiwa na dhambi anayoificha kwa utumishi, asimame. Akiwa anawatesa wenzake na kuligawa kundi, asimame. Akiwa mgonjwa, au amechoka mpaka hasali tena, apumzike kwa barua na tarehe: nitakuwa nje ya zamu mwezi wa tano na wa sita, kazi nimemwachia fulani. Hilo ni tofauti na kutoweka kimya ili wakutafute. Wewe, mama, nadhani ulitoweka kimya. Na walikutafuta, wakaja na mfuko.

Kwa hiyo wiki hii kamwone mchungaji wako. Mwambie kwa sentensi mbili: jina langu halikusomwa, niliumia, na nimekasirika wiki tatu. Usimlete yule mama katika maongezi hayo, wala usiombe tangazo la masahihisho. Wazee wa kanisa wanaosoma hapa nao wasikie: mkitaka kushukuru watu kwa majina, kaeni na orodha siku tatu kabla, mwulizeni mfagiaji na mlinzi nani hufika mapema, maana wao ndio wanaojua. Kama hamwezi, shukuruni wote kwa pamoja. Nusu orodha huumiza kuliko kutosoma kabisa.

Kisha, ukishamwona mchungaji, nenda kwa mama mwenzako. Usiende kuungama wivu wako kwake. Huo ni mzigo wako, usimtwishe. Nenda kama jirani, na machungwa ya Muheza mkononi. Mpongeze kwa kitenge chake. Mwulize kama angependa kujifunza kupanga vitambaa vya Pentekoste, vile vyekundu. Ulimi utakuwa mzito mwanzoni. Nenda hivyo hivyo.

Na mfuko uliouweka pembeni, ufungue leo. Najua kitenge kimefika kwa kuchelewa, kimekunjwa, bila vigelegele. Usikirudishe, kukirudisha ni kudai kilipwe upya mbele ya watu. Usimpe mtu mwingine kwa hasira ukaita sadaka. Mpigie yule mzee aliyekuletea, mwambie ahsante, mwambie kimefika. Kipeleke kwa fundi Ngamiani, akushonee gauni la kawaida la kufanyia kazi, lenye mikono mifupi, lisilokushika kwapani ukinyoosha mkono kufikia rafu ya juu ya kabati.